Namna ya Kumtafuta Abiria Aliyevuka Atlantiki kwa Meli ya Mvuke Katika Karne ya 19

Anayeanza kumtafuta mtu aliyehamia Marekani katika karne ya 19 kwa kawaida huandika jina la mtu huyo kwenye kanzidata, akapata mamia ya watu wenye jina hilo au asipate hata mmoja, na hapo utafiti hukwama. Tatizo liko mahali alipoanzia. Jina la abiria liliandikwa na karani wa kampuni ya meli aliyelisikia mara moja tu, katika ofisi yenye msongamano, na pengine katika lugha asiyoifahamu, ilhali meli ilikuwa na usajili, ukubwa uliopimwa kwa tani, ratiba iliyotangazwa magazetini na siku ya kuwasili iliyoandikwa na forodha. Mwongozo huu kwa hiyo unafuata kanuni moja: itafute meli kwanza, kisha umtafute mtu ndani ya meli.

Nimewalenga wanafunzi wa historia, wafasiri, na waandishi wanaotaka kumpandisha mhusika wao kwenye meli iliyokuwapo kweli, pamoja na Waswahili walioko Marekani na Kanada ambao watoto wao, kwa upande wa mzazi mmoja, wana mababu waliopitia Liverpool, Hamburg au Napoli. Sehemu kubwa ya nyaraka nitakazozitaja inasomeka kwenye intaneti bila malipo, hasa kupitia FamilySearch, tovuti ya nasaba, na kanzidata ya wakfu unaotunza kumbukumbu za Ellis Island, kituo cha New York kilichopokea wahamiaji.

Kadiria miaka kabla ya kufungua orodha yoyote

Simulizi za familia huja na kipimo ambacho watafiti wengi hukipuuza, nacho ni muda wa safari. Meli za matanga zilizobeba wahamiaji kutoka Liverpool hadi New York zilitumia kwa kawaida wiki tano au sita, na zilipokosa upepo mzuri zilikaa baharini zaidi ya hapo. Tarehe 22 Aprili 1838 Sirius, meli ndogo ya mvuke ambayo haikujengwa kwa ajili ya bahari kuu, iliingia New York kutoka Cork baada ya siku 18, na kesho yake ikafuatwa na Great Western ya mhandisi Isambard Kingdom Brunel, iliyotoka Bristol na kutumia siku 15 tu. Mwaka 1840 Samuel Cunard, mfanyabiashara wa Halifax, alianzisha huduma ya kubeba barua kwa ratiba. Meli yake Britannia iling'oa nanga Liverpool tarehe 4 Julai na kufika Halifax baada ya siku 12 na saa chache, kisha ikaendelea hadi Boston. (Msomaji wa historia ya Zanzibar atakumbuka kwamba Aprili ya mwaka huohuo Sultana, meli ya Sayyid Said, ilitia nanga New York, lakini hiyo ilisukumwa na matanga.) Kufikia miaka ya 1870 meli nzuri ya mvuke ilivuka kwa siku 8 hadi 10, na baada ya mwaka 1893 Campania na Lucania za kampuni ya Cunard zilikuwa zikivuka kutoka Queenstown ya Ireland, yaani Cobh ya leo, kwa muda usiofika siku sita.

Tarehe hizo, hata hivyo, zinaweza kukupotosha usipouliza ni nani aliyekuwa ndani ya meli. Meli za mwanzo za mvuke zilibeba barua, maofisa na watu wenye fedha, kwa sababu makaa ya mawe yalikula nafasi kubwa ya chombo na nauli ilikuwa juu mno kwa mkulima. Kampuni ya Inman, mwanzoni mwa miaka ya 1850, ndiyo iliyoonyesha kwamba meli ya chuma yenye rafadha ingeweza kubeba wahamiaji wa daraja la chini na bado ikapata faida, na injini za mpanuko pacha, zilizotumia mvuke uleule mara mbili, zilizoenea tangu miaka ya 1860 zilipunguza sana matumizi ya makaa. Katikati ya miaka ya 1850 karibu wahamiaji wote walioingia New York walikuja kwa matanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 karibu wote walikuja kwa mvuke. Ukiambiwa basi kwamba babu wa babu alikimbia njaa ya Ireland mwaka 1847 kwa meli ya mvuke, itilie shaka simulizi hiyo. Ukiambiwa kwamba bibi fulani alikaa baharini miezi miwili mwaka 1885, fikiri kwanza kwamba hesabu hiyo imejumuisha safari ya kutoka kijijini, siku za kungojea bandarini, na treni iliyomfikisha Chicago.

Ili kuukaribia mwaka wenyewe, tumia sensa ya Marekani. Sensa ya mwaka 1900 iliuliza kila mzaliwa wa ng'ambo mwaka aliohamia, na zile za 1910 na 1920 ziliuliza swali hilohilo. Linganisha majibu ya sensa hizo tatu, kwa maana watu walisahau, na mara nyingine aliyejibu alikuwa jirani au mtoto. Sensa ya 1890 haitakusaidia, kwani sehemu yake kubwa iliharibika baada ya moto wa mwaka 1921. Hati za uraia nazo zina mpaka wao: kabla ya Septemba 1906 mahakama yoyote yenye mamlaka iliweza kutoa uraia, na karatasi zake mara nyingi hazisemi zaidi ya nchi ya asili na jina la mfalme ambaye mwombaji aliapa kuacha kumtii, lakini baada ya hapo fomu za serikali kuu ziliuliza jina la meli na siku ya kuwasili. Aliyefika mwaka 1889 na kuomba uraia mwaka 1910 huenda akawa amekuandikia jibu lote. Lipokee jibu hilo kwa tahadhari, maana miaka ishirini baadaye watu wengi huikumbuka meli maarufu waliyoiona gatini badala ya ile waliyoipanda.

Majina ya meli yana koo zake

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu. Kampuni za meli za karne ya 19 zilikuwa na desturi za kutoa majina, na anayezijua desturi hizo anaweza kulifufua jina lililoharibiwa na midomo ya vizazi vitatu. Meli za White Star ziliishia kwa "ic", kama Oceanic ya 1871, Germanic na Teutonic. Cunard walipenda "ia", kama Persia, Scotia, Umbria na Etruria, lakini Anchor Line ya Glasgow nao walitumia mwisho huohuo kwa Circassia na Furnessia, kwa hiyo mwisho wa jina peke yake hautoshi. Allan Line, waliokwenda zaidi Kanada, waliishia kwa "ian", kama Parisian na Sardinian. Guion walichukua majina ya majimbo na maeneo ya Marekani: Nevada, Wisconsin, Arizona, Alaska. Inman waliandika City of mbele ya jina la mji. Norddeutscher Lloyd ya Bremen ilichagua mito ya Ujerumani, kama Elbe, Werra, Fulda, Trave na Lahn. Red Star ya Antwerp ilipenda "land", Waholanzi wa Rotterdam wakapenda "dam", na Wafaransa wa Le Havre mwaka 1886 walianza kutumia La Bourgogne, La Bretagne, La Champagne na La Gascogne.

Tuseme familia inasema bibi alikuja kwa meli iliyoitwa "Sardini" na kwamba alishukia Quebec. Sardinian ya Allan Line ndiyo ya kuichunguza kwanza. Wakisema "Trava" na bandari ikawa Bremen, unayo Trave. Jina la mto wa Kijerumani pamoja na bandari ya Rotterdam, kwa upande mwingine, ni dalili kwamba kitu kimoja kati ya hivyo viwili kimekosewa, na hapo unapaswa kurudi kwa msimulizi kabla ya kuendelea.

Desturi hizo zina mitego mitatu. Mtego wa kwanza ni meli mbili zenye jina moja: kulikuwa na Atlantic ya kampuni ya Collins, iliyoanza safari mwaka 1850, na Atlantic ya White Star, iliyovunjika kwenye miamba karibu na Halifax tarehe 1 Aprili 1873 na kuua zaidi ya watu 500. Mtego wa pili ni meli zilizouzwa. Oregon ilijengwa kwa ajili ya Guion, ikiwa na jina linalolingana na ukoo wake, kisha mwaka 1884 ikahamia Cunard bila kubadilishwa jina, na mwaka 1886 ikazama karibu na New York, ambapo abiria wote waliokolewa. Mtego wa tatu ni meli zilizobadilishwa majina: City of Paris, iliyokuwa miongoni mwa meli za kasi zaidi baada ya mwaka 1889, ilipowekwa chini ya bendera ya Marekani mwaka 1893 ikawa Paris tu, na baadaye Philadelphia. Andika daima jina la meli pamoja na kampuni na mwaka iliyojengwa. Jina peke yake si kitambulisho.

Kama familia ina picha ya meli, ihesabu kabla ya kuiamini. Dohani na milingoti ni ushahidi. Great Eastern ya 1858 ilikuwa na dohani tano na milingoti sita, na hakuna nyingine iliyofanana nayo. City of Paris ilikuwa na dohani tatu, Campania mbili, na Kaiser Wilhelm der Grosse ya 1897 ilikuwa na dohani nne zilizopangwa mbili mbili. Matanga kwenye picha hayaifanyi meli kuwa ya matanga, kwa sababu meli za mvuke ziliendelea kubeba milingoti ya matanga hadi mwishoni mwa miaka ya 1880, injini zilipoanza kuaminika. Magurudumu makubwa ya makasia ubavuni yanasema zaidi: Scotia ya 1862 ilikuwa meli ya mwisho ya Cunard ya aina hiyo kwa Atlantiki, kwa hiyo kadi inayodai kuonyesha meli ya magurudumu iliyomleta mtu mwaka 1890 imechanganya mambo.

Ukishapata meli na mwaka, fungua magazeti ya New York au ya bandari husika, ambayo kila siku yalichapisha safu ya meli zilizoingia, zilikotoka na lini. Usishangae tarehe ikipishana na ya orodha. Meli ilisimama kwanza karantini karibu na Staten Island, na iliyofika jioni ilishusha watu wake asubuhi iliyofuata. Mwaka 1892, kipindupindu kilipoishambulia Hamburg, amri ya Rais Benjamin Harrison ya tarehe 1 Septemba iliruhusu meli zenye wahamiaji kuzuiwa siku 20. Kwa miezi hiyo ruhusu pengo la wiki kadhaa kati ya kufika na kushuka.

Ni upande gani wa bahari ulioandika?

Kila safari ilikuwa na pande mbili, na kwa kawaida upande mmoja tu ndio uliotunza karatasi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1819 ilimtaka kila nahodha anayetoka ng'ambo amkabidhi ofisa wa forodha orodha ya abiria yenye jina, umri, jinsia, kazi, nchi mtu anakotoka na nchi anakokusudia kuishi, pamoja na waliofia njiani. Utaratibu huo ulianza mwaka 1820, na ndio uliotuachia hazina kubwa kuliko zote. Orodha hizo ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Marekani na zimepigwa picha. Ziliorodhesha walioingia, waliotoka Marekani hawakuandikwa kwa namna hiyo.

Mfano wa Frederick Douglass, Mmarekani Mweusi aliyetoroka utumwa na kuupinga hadharani, unaonyesha vyema mipaka hiyo. Agosti 1845 alipanda Cambria ya Cunard huko Boston kwenda Liverpool, akanyimwa nafasi katika kabini na kupelekwa daraja la chini kwa sababu ya rangi yake. Aprili 1847 alirudi kwa meli ileile, akiwa ameshalipia kabini jijini London, lakini alipofika kupanda akaambiwa kitanda chake kimepewa mtu mwingine na kwamba angekubaliwa tu kama angekula peke yake na kutochangamana na abiria wa saluni, yaani wa daraja la juu. Safari ya kwenda haimo katika mfumo wa orodha za Marekani kabisa. Ya kurudi ni ya aina inayoandikwa, lakini safu za jina, umri na kazi zisingekuambia lolote kuhusu alivyotendewa. Hilo tunalijua kutoka magazetini: Douglass alilalamika hadharani katika The Times, gazeti la London, na Cunard mwenyewe akajibu kwa maandishi kwamba jambo kama hilo halitatokea tena katika meli anazohusika nazo. Kwa mtafiti wa maisha ya Weusi baharini, gazeti huanza pale orodha inapoishia.

Upande wa Ulaya unatofautiana bandari kwa bandari. Hamburg ilitunza orodha za waliotoka tangu 1850, nazo ni bora kuliko nyingi kwa sababu mara nyingi zinataja mji au kijiji cha abiria, wakati orodha za Marekani za miaka hiyo zinaridhika na "Prussia" au "Austria". Kumbuka tu kwamba Hamburg iligawa orodha zake mara mbili, za waliokwenda moja kwa moja na za waliopitia bandari nyingine. Wengi walivuka Bahari ya Kaskazini hadi Hull, wakapanda treni hadi Liverpool, ndipo wakaingia katika meli kubwa. Mtu huyo ana meli mbili, na ukitafuta moja tu utamkosa. Bremen, iliyosafirisha watu wengi kuliko Hamburg kwa miaka mingi, ni msiba wa nyaraka: tangu mwaka 1875 orodha kuukuu ziliharibiwa kwa kukosa nafasi ya kuzihifadhi, na sehemu kubwa ya zilizobaki ikapotea katika Vita vya Pili vya Dunia. Uingereza ina orodha za waliotoka kuanzia 1890, katika Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew, London. Kanada ina orodha za Quebec tangu 1865 na za Halifax tangu 1881.

Kuna imani kwamba moto wa Ellis Island wa usiku wa kuamkia tarehe 15 Juni 1897 uliteketeza kila kitu. Uliteketeza majengo ya mbao na kumbukumbu za uhamiaji zilizokuwa ndani yake, zikiwemo za Castle Garden, kituo cha jimbo la New York kilichopokea wahamiaji kuanzia Agosti 1855 hadi Aprili 1890. Hata hivyo nakala za forodha za orodha za abiria zilikuwa kwingine, nazo zimesalia. Kwa hiyo asiyeonekana New York kati ya 1820 na 1897 usimsingizie moto haraka. Sababu ya kawaida zaidi ni kwamba kwa New York faharasa ya zamani ya majina iliishia mwaka 1846 na kuanza tena katikati ya 1897. Nusu karne iliyo katikati ilitegemea kusoma karatasi moja moja hadi kanzidata za leo zilipokuja, na walioingiza majina humo walisoma mwandiko uleule mbaya unaokusumbua wewe.

Kuusoma ukurasa wenyewe

Usiridhike na maelezo yaliyochapwa na kanzidata; fungua picha ya karatasi. Anza na ukurasa wa kwanza wa orodha ya meli, ambapo nahodha alitia sahihi kiapo chake, na hakikisha jina la meli, bandari ya kuondokea na tarehe. Kisha angalia kama abiria wa kabini wana kurasa zao, maana kwa kawaida waliandikwa mbali na wa daraja la chini, na mtafiti aliyeamini kwamba babu alikuwa maskini mara nyingi haangalii huko.

Kwa orodha za miaka ya 1880, tarajia mstari mmoja wa maelezo machache. Baada ya sheria ya mwaka 1882 utakuta pia idadi ya mizigo na sehemu ya meli ambamo abiria alilala. Mabadiliko makubwa yalikuja na sheria ya Machi 1893. Karatasi ikawa pana, majina yakapangwa kwa makundi yasiyozidi 30, na kila abiria akaulizwa kama ameoa au kuolewa, kama anajua kusoma na kuandika, alikaa wapi mwisho, anakwenda wapi, nani alimlipia nauli, ana fedha kiasi gani na kama zinazidi dola 30, kama amewahi kufika Marekani, anamfuata ndugu gani na anwani yake ni ipi, kama amewahi kufungwa au kulelewa katika nyumba ya maskini, kama ana wake wengi, kama ameahidiwa kazi kwa mkataba, na afya yake ikoje. Safu ya ndugu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Jina la mjomba na namba ya nyumba yake huko Pittsburgh vinaweza kukupeleka moja kwa moja kwenye sensa, na sensa ikakuthibitishia kwamba umempata mtu wako.

Maswali hayo yaliulizwa kabla ya meli kuondoka. Waliojaza karatasi ni makarani wa kampuni ya meli, kwa sababu sheria ya 1891 iliilazimisha kampuni kumrudisha kwa gharama yake kila aliyekataliwa, na mkaguzi wa Ellis Island alikuwa na karatasi hiyo mkononi akilinganisha majibu. Hadithi kwamba maofisa wa Ellis Island waliwabadilishia watu majina haina msingi. Hawakuwa wakiandika majina mapya, walikuwa wakiyasoma yaliyoandikwa Ulaya. Familia nyingi zilibadilisha majina zenyewe baadaye, kazini na shuleni.

Sasa weka jicho karibu na mwandiko. Alama mbili za mkato, au herufi "do", zina maana ya "kama juu", na karani aliyechoka aliziteremsha hadi chini hata familia nyingine ilipoanza, kwa hiyo mtu anaweza kupewa ukoo au kazi ya jirani yake. Umri wa watoto wachanga huandikwa kwa miezi, na asiyeona alama ya miezi husoma mtoto wa miezi 11 kama kijana wa miaka 11. Watoto walilipiwa nauli pungufu, jambo lililowashawishi wazazi kupunguza miaka yao. Nchi ni ya utawala: Mpolandi wa miaka hiyo ataandikwa Mrusi, Mwaustria au Mprusia, kwa sababu Poland haikuwapo kwenye ramani. Ukiona juu ya mstari namba na tarehe za wino tofauti, mara nyingi ni za maofisa wa miaka ya 1920 au baadaye waliorudi kuhakiki siku ya kuwasili wakati mhusika alipoomba uraia. Alama hiyo inakuambia kwamba hati ya uraia ipo mahali fulani, na mara nyingi inakupa mwaka wa kuitafuta.

Jina lisipojitokeza, libomoe. Tumia kinyota badala ya herufi usizo na uhakika nazo. Badilisha W na V, J na Y. Ondoa "O" na "Mc" kwa Wairishi. Tafuta wanawake wa Kiitalia kwa majina ya kwao kabla ya kuolewa, kwani mara nyingi waliandikwa hivyo. Katika mwandiko wa wakati ule L na S hufanana, T na F pia, na "u" na "n" huwezi kuzitenganisha. Njia bora zaidi ni kuliacha jina na kutafuta kwa meli, mwezi, umri na jina la kwanza la mtoto mdogo, ambalo kwa kawaida haliharibiwi sana.

Annie Moore wawili

Tarehe 1 Januari 1892 Ellis Island ilifunguliwa, na wa kwanza kupita alikuwa msichana wa Ireland, Annie Moore, aliyefika kwa Nevada ya Guion kutoka Queenstown pamoja na wadogo zake wawili, Anthony na Philip, wakiwafuata wazazi wao waliotangulia. Meli ilikuwa imeingia bandarini tangu usiku uliotangulia. Alizawadiwa sarafu ya dhahabu ya dola 10, na magazeti yakaandika kwamba siku hiyo alikuwa akitimiza miaka 15. Kumbukumbu za Ireland zinaonyesha alikuwa na 17.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba msichana huyo alihamia Texas na kufia huko, na kizazi cha mwanamke wa Texas kilialikwa na kuheshimiwa katika sherehe za kisiwani. Mwaka 2006 watafiti wa nasaba walionyesha kwamba Annie Moore wa Texas alizaliwa Illinois, na kwamba Annie wa Nevada alibaki New York, akaolewa na mtoto wa mwoka mikate Mjerumani, akaishi upande wa mashariki wa Manhattan ya kusini hadi alipofariki mwaka 1924. Meli ilijulikana, tarehe ilijulikana, orodha ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kama sensa ya yule mwanamke wa Texas inakubaliana na nchi ya asili iliyo kwenye orodha. Usimkubali abiria yeyote kabla mambo matatu hayajaafikiana na hati nyingine isiyo ya meli: umri kwa tofauti ndogo, jamaa aliosafiri nao, na mahali alikotoka au alikokwenda.

Ukimkosa kabisa

Jaribu bandari nyingine kabla ya kuchoka. Boston, Philadelphia, Baltimore na New Orleans zilipokea wahamiaji, na wengi waliokwenda majimbo ya kaskazini walishukia Quebec au Halifax kisha wakavuka mpaka kwa treni. Kuanzia mwaka 1895 Marekani iliwaandika wavukaji hao katika orodha zinazojulikana kwa jina la St. Albans, mji wa Vermont.

Pili, huenda hakuwa abiria. Wachochea makaa, mabaharia, wapishi na wahudumu walikuwa maelfu, na waliotoroka meli bandarini New York hawakuwa wachache. Hawa wako katika mikataba ya mabaharia. Kwa meli za Uingereza sehemu kubwa ya mikataba kuanzia 1863 iko Chuo Kikuu cha Memorial, Newfoundland, na sehemu ndogo iko Kew na Greenwich. Utahitaji jina la meli na namba yake rasmi ya usajili, hivyo kazi uliyofanya awali haikupotea.

Tatu, kuna uwezekano kwamba hakufika. City of Glasgow ya Inman iliondoka Liverpool Machi 1854 na haikuonekana tena, ikiwa na watu wapatao 480. Septemba mwaka huohuo Arctic ya Collins iligongana na meli ya Kifaransa Vesta katika ukungu, na hakuna mwanamke wala mtoto aliyesalimika. Elbe ilizama Januari 1895 na kuua watu zaidi ya 330, na La Bourgogne Julai 1898 na kuua zaidi ya 500. Kwa ajali za namna hii tafuta gazeti la siku chache baada ya tukio, ambamo majina ya waliokuwemo na ya waliookolewa yalichapishwa, mara nyingi yakiwa na makosa yaliyosahihishwa katika matoleo yaliyofuata. Soma angalau wiki nzima.

Utakapompata, hifadhi picha ya karatasi na uandike pembeni yake meli, kampuni, bandari ya kuondokea, tarehe ya kuwasili, namba ya karatasi na namba ya mstari. Kisha soma karatasi mbili zilizotangulia na mbili zinazofuata. Watu wa kijiji kimoja walikata tiketi kwa wakala mmoja na kusafiri pamoja, na jina la kijiji ambalo karani hakuliandika kwa mtu wako huenda ameliandika kwa jirani yake, mistari saba chini.